Kitu Kilichotiwa Mwilini ni cha Nani?

Fundi akikuazima nyundo, siku moja ataitaka, nawe utamrudishia. Hakuna ubishi. Mwuza miwani akikupa miwani kwa deni, nawe hulipi, aweza kukudai. Na mambo yakifika mbele ya mwamuzi, labda miwani itarudi kwake. Macho yako yatapata taabu, lakini haki haikuvunjwa. Sasa mganga wa meno amekutia jino la dhahabu, nawe hukumaliza kulipa. Je, aweza kukungoja njiani pamoja na koleo lake, akang'oe kilicho chake? Kila mtu atacheka. Atadai fedha, atakushitaki, atapewa baiskeli yako au mbuzi wako kwa amri ya hakimu. Lakini jino hataligusa. Kwa nini? Dhahabu ni ileile ya pete, na pete ingechukuliwa.

Wapenzi wasomaji, swali hili laonekana kama mchezo wa watoto, lakini si mchezo. Siku zetu wataalamu wanatengeneza vyombo vya kuwekwa ndani ya mtu, katika damu, katika moyo, hata juu ya ubongo, ili kupima ugonjwa au kuutuliza. Vingine si vya chuma tu, bali vina plastiki ya namna ya pekee, inayopitisha umeme, na iliyo laini kuliko chuma chochote. Tena wako waliofika mbali zaidi: wameifanya plastiki hiyo iote ndani ya mwili wenyewe. Basi lile swali la jino la dhahabu limekuwa swali zito. Kitu kilichotiwa mwilini ni cha nani? Na yule aliyekitia abaki na wajibu gani?

Kwanza tukielewe kitu chenyewe, maana asiyejua jambo hawezi kulihukumu.

Sisi watu wa Katanga na majirani zetu twajua shaba. Twajua kwamba uzi wa shaba wapitisha umeme, na kwamba uzi huo hufunikwa kwa plastiki ili mtu akiushika asipigwe. Plastiki ni ukuta wa kuzuia umeme: hivyo ndivyo walivyofundishwa wanafunzi wa dunia nzima. Na plastiki ni nini? Ni vipande vidogo sana vya namna moja, vilivyoungana kimoja kwa kingine kama shanga katika uzi mrefu. Wataalamu waiita polima. Katika mwaka 1967, huko Tokyo, mtaalamu Hideki Shirakawa alikuwa akichunguza polima moja iitwayo poliasetilini. Siku moja ile dawa ya kuharakisha kazi ilitiwa mara 1,000 kupita kipimo. Badala ya unga mweusi likatokea ganda jembamba, lenye kung'aa kama madini ya fedha. Mwingine angelitupa, yeye alilichunguza. Baadaye Alan MacDiarmid, mzaliwa wa New Zealand aliyefundisha Philadelphia katika Marekani, alipita Japani, akasikia habari ya ganda lile, akamwalika Shirakawa kwake. Hao wawili pamoja na Alan Heeger walilitia ganda katika mvuke wa iodini, ile iodini ambayo waganga huipaka juu ya vidonda, na nguvu ya kupitisha umeme ikaongezeka mara milioni 10. Waliitangaza habari hiyo mwaka 1977, na mwaka 2000 wote watatu walipewa Tuzo la Nobel la kemia.

Nisiache kusema jambo moja hapa, ingawa liko kando kidogo ya njia yetu. Miaka michache kabla yao, katika 1974, John McGinness na wenzake huko Texas walikuwa wameipima melanini, yaani ile rangi nyeusi iliyo katika ngozi na nywele na macho. Waliona kwamba yaweza kuuzuia umeme, kisha kuuruhusu, kama mlango unaofungwa na kufunguliwa. Melanini nayo ni polima. Basi kitu ambacho watu walikitafuta katika chupa za kemia kilikuwa tangu mwanzo katika ngozi zao wenyewe, na katika ngozi zetu sisi kwa wingi zaidi!

Poliasetilini yenyewe haikufaa sana, kwa sababu huharibika ikikaa hewani. Lakini nyingine zilifuata: polipiroli, polianilini, na ile inayotumika sana sasa, ambayo jina lake refu limekatwa kuwa PEDOT. Hii ilizaliwa katika maabara ya kampuni ya Bayer, Ujerumani, karibu na mwisho wa miaka ya 1980. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ndogo: kupakwa juu ya filamu za picha, ili umeme wa msuguano usiziharibu. Hakuna aliyefikiri wakati huo kwamba ingefika katika ubongo wa mtu.

Kwa nini waganga waliitaka? Chuma chapitisha umeme vizuri kuliko plastiki hizi zote. Ni kweli, lakini umeme wa chuma na umeme wa mwili si lugha moja. Katika chuma, zinazotembea ni elektroni, chembe ndogo mno. Katika mwili wetu, zinazotembea ni chembe za chumvi zilizoyeyuka katika maji. Ukikanyaga mwiba, habari ya maumivu yapanda kutoka mguuni hata ubongoni kwa njia ya chumvi hizo, zikiingia na kutoka kwa zamu katika mishipa ya fahamu. Chuma kikiwekwa kando ya mshipa ni kama mtu aketiye barazani pasipo kujua lugha ya wenyeji: asikia kelele, maneno mengi yampita. Polima zetu zajua lugha mbili. Elektroni zatembea juu ya zile shanga zake, na chumvi pamoja na maji vyaingia katikati yake kama katika sifongo. Ni mkalimani wa kweli, na kila mtu wa Congo ajua thamani ya mkalimani mwema.

Tena kuna habari ya ugumu. Silikoni, ambayo vyombo vingi vya umeme vimejengwa juu yake, ni ngumu kupita ubongo zaidi ya mara milioni 10. Ubongo nao hautulii. Wapigapiga pamoja na moyo, watikisika tukitembea. Kitu kigumu kikiwa ndani yake hukwaruza siku zote, na mwili hujenga kovu kukizunguka, ukitenge. Wazee husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa chuma mwili hautoi jembe, bali hujenga ukuta. Polima iliyo laini hupokewa vizuri zaidi, ingawa si kila mara. Nawaomba mkumbuke jambo hili, kwa maana hukumu yetu itarudi hapo: mwili wenyewe hutofautisha kati ya mgeni na mwenyeji.

Tutazame mfano wa ugonjwa wa sukari, kwani ni wachache wasio na ndugu mwenye ugonjwa huo. Zamani mganga alionja mkojo wa mgonjwa! Thomas Willis wa Uingereza, katika karne ya 17, aliandika kwamba ni mtamu kama asali. Katika mwaka 1962 Leland Clark wa Marekani alipata njia bora. Kuna chachu fulani, wataalamu huiita enzimi, inayopatikana katika kuvu. Nayo huigeuza sukari ya damu kwa kutumia oksijeni, wala haijishughulishi na kitu kingine. Clark aliiweka chachu hiyo mbele ya kipimo cha oksijeni. Sukari ikiwa nyingi, oksijeni huliwa sana na kupungua; nawe wajua sukari imefika wapi. Shida ilikuwa kuishika chachu isichukuliwe na maji. Katika 1986 Foulds na Lowe, huko Uingereza, waliikuza polipiroli kwa umeme katika maji yenye chachu ndani yake. Nayo polima, kadiri ilivyoota juu ya madini, iliinasa chachu kama udongo wa ukuta unavyoshika majani makavu. Tangu hapo wataalamu wengi wamefuata njia hiyo, wakitafuta kupima si sukari tu bali mambo mengi ya damu na ya jasho.

Tone la damu likipimwa nje ya mwili, hakuna swali. Chombo ni chombo, kama kipimo cha joto. Swali laanza siku kinapoingia ndani na kukaa.

Mwaka 2015 wataalamu wa New York walitangaza ganda lenye elektrodi za PEDOT, unene wake mikroni 4, yaani sehemu 4 za elfu za milimeta moja. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hilo mara kumi na zaidi. Walililaza juu ya ubongo wa panya, na juu ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa waliokuwa wakipasuliwa, wakasikia sauti ya seli moja moja pasipo kutoboa kitu. Halafu, mwaka 2023, wataalamu wa Linköping na wa Lund katika Uswidi walifanya jambo lililonifanya niandike ukurasa huu. Hawakuweka chombo. Walipiga sindano ya uji mzito wenye shanga za polima ambazo bado hazijaungana, pamoja na chachu zake, ndani ya samaki wadogo wenye milia na ndani ya ruba. Chachu ilipokutana na sukari ya mwili wa mnyama, ikaanza kazi, na zile shanga zikaungana: plastiki ya kupitisha umeme ikaota penye ubongo wa samaki, penye moyo, penye mkia, na kandokando ya mishipa ya fahamu ya ruba. Wanyama hawakuonekana kudhurika. Hiyo ilikuwa kazi juu ya wanyama, si juu ya watu. Lakini hakuna mtu afanyaye kazi hiyo kwa ajili ya ruba!

Basi tuone habari ya watu.

Nani kati yetu hajamwona mtu wa kifafa mwenye kovu la moto, kwa sababu alianguka jikoni? Katika Australia alikuwako mwanamke aliyesumbuliwa na kifafa tangu utoto wake. Tangu 2010 yeye na wengine, wote pamoja watu 15, walikubali kufanyiwa majaribio Melbourne. Waliwekewa elektrodi juu ya ubongo, zenye uzi wa kushuka hata kifuani. Na mkononi walichukua kidude chenye taa. Taa ya samawati: hatari ni ndogo. Taa nyekundu: kifafa chakaribia. Elektrodi zake zilikuwa za madini, si za polima, lakini jambo ni lilelile. Mwanamke yule alipoona nyekundu alimeza dawa mapema. Aliyekuwa akiogopa kutoka peke yake akaanza kutoka. Akatembea, akafanya mambo aliyoyaacha. Kisha, katika 2013, kampuni ya Marekani iliyotengeneza chombo iliishiwa fedha, na wagonjwa wakaambiwa kwamba vyombo vitatolewa. Yeye alikataa. Yeye na mumewe walitaka kukinunua, wakawa tayari kuweka nyumba yao rehani. Haikuwezekana. Akapasuliwa, kikatolewa. Alimwambia Frederic Gilbert wa chuo kikuu cha Tasmania, achunguzaye maadili ya mambo haya, kwamba yeye na chombo kile walikuwa wamekuwa kitu kimoja. Na alikililia kama aliyefiwa.

Mtu mmoja atasema: Alitia sahihi. Alijua tangu mwanzo kwamba ni majaribio, na kwamba majaribio yana mwisho. Neno hili si la kudharau. Ahadi ni ahadi, na waganga wale hawakumdanganya. Hata hivyo yafaa tuulize: aliyetia sahihi ni nani? Alikuwa mtu asiyejua bado maisha pasipo hofu. Aliahidi kurudisha chombo, kama vile wewe waahidi kurudisha nyundo. Wakati wa kurudisha ulipofika, hakikuwa nyundo tena. Na ziko ahadi ambazo sahihi haiwezi kuzifunga. Mtu akiandika kwa mkono wake kwamba atakuwa mtumwa wa mwingine, karatasi hiyo ni bure, hata ikiwa na mhuri kumi. Sisemi kwamba kampuni ile ilikuwa na watumwa, la. Nasema tu kwamba tukitaka kujua haki iko wapi, hatuwezi kuishia kwenye karatasi.

Mwingine atasema: Ni plastiki, au ni madini, hakikuzaliwa naye, hakikui naye, basi si mwili wake. Huyu namjibu kwa figo. Mwaka 1954, huko Boston, mganga Joseph Murray na wenzake walitoa figo ya kijana mmoja na kuipandikiza katika pacha wake aliyekuwa akifa. Figo ile haikuzaliwa na yule aliyeipokea. Ilikuwa ya mwingine, na mwenyewe alikuwa hai, angeweza kuidai. Je, kama wale ndugu wangegombana baadaye, nani angethubutu kusema: mrudishie mwenzako figo yake? Imekuwa ya mpokeaji. Na ilikuwa yake si kwa kununua. Ilikuwa yake kwa sababu ilichukua kazi katika mwili mzima, na mwili mzima uliishi kwa kazi hiyo. Sehemu ni ya yule mzima anayetumikiwa nayo. Hata chakula ni hivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza, katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, kama chakula hugeuka kweli kuwa sehemu ya umbile la mtu, akajibu kwamba ndiyo. Ugali wa juzi, uliokuwa wa mkulima, kisha wa mwenye duka, leo ni mkono wako. Hakuna mwenye duka anayeweza kuudai.

Nakubali kwamba plastiki haigeuki kuwa nyama. Yabaki plastiki. Lakini wale samaki wa Uswidi watuonyesha jambo jipya: wataalamu walileta udongo, na mwili wa samaki ndio uliojenga nyumba, kwa sukari yake wenyewe. Siku jambo hilo likifanywa katika mtu, itakuwa vigumu sana kwa kampuni kusema: nyumba ni yetu, kwa kuwa tulileta udongo.

Lakini hapa yafaa tusimame, maana njia hii, tukiifuata kwa haraka, yatupeleka penye kosa. Labda mmekwisha kusema moyoni: basi neno limekwisha, kitu ni cha mgonjwa, wamwachie. Wamwachie? Sikilizeni habari ya pili. Katika Marekani, kampuni moja ya California ilitengeneza chombo cha kuwekwa ndani ya jicho la kipofu, ili aone walau mwanga na mapindo ya vitu. Watu zaidi ya 350 waliwekewa. Katika 2019 kampuni iliacha kukitengeneza, na mwaka uliofuata ilikuwa karibu kufilisika. Hawakumpasua mtu, hawakumnyang'anya mtu. Waliwaachia. Na wale vipofu, ambao walikuwa wameona mlango wa nyumba yao na mstari mweupe wa barabara, walibaki na kitu jichoni kisicho na fundi: kikiharibika, hakuna wa kukitengeneza, mganga akitaka kujua kama chafaa kukaa au kutolewa, hakuna wa kumjibu. Habari hiyo ilijulikana kwa watu wote mwaka 2022.

Pimeni habari hizi mbili pamoja. Mwanamke wa Australia alinyang'anywa. Vipofu wa Marekani waliachiwa. Ikiwa shauri zima ni mali, mmoja alidhulumiwa na wengine walipata zawadi. Nani atasema kwamba walipata zawadi? Wote waliachwa. Basi neno "mali" halikutosha. Hata waganga wa Australia walikuwa na sababu yao: chombo kisichotunzwa, chenye uzi ndani ya kichwa, chaweza kuleta ugonjwa, na kukitoa chaweza kuwa huruma. Kosa lilitangulia kabla ya siku ile ya kukitoa au kukiacha.

Papa Pio XII, tarehe 14 Septemba 1952, akisema na wataalamu wa magonjwa ya mishipa ya fahamu waliokutana Roma, alifundisha kwamba mgonjwa mwenyewe si bwana kamili wa mwili wake wala wa roho yake, wala hawezi kujitumia ovyo kama apendavyo. Wengi husoma fundisho hilo kama katazo kwa mgonjwa. Mimi naona kwamba lamfunga mganga na mfanyi biashara zaidi. Ikiwa mwenye mwili si bwana kamili wa mwili, wao je? Kwa lugha yetu tuna neno zuri kwa kitu ambacho mtu anacho pasipo kuwa bwana wake: amana. Mwili ni amana kwa mwenyewe. Kitu kinachotiwa ndani na kupewa jembe, yaani kuchukua kazi ya mwili, chaingia katika amana hiyo. Na aliyekitia ameingia pamoja nacho. Mwenye nyundo, kazi yake yakwisha siku ya kuuza. Aliyetia kitu chenye kuishi pamoja na ubongo, kazi yake ndiyo inaanza.

Sasa lipo pingamizi ambalo ni gumu kuliko yote, nami sitalipita upesi. Wataalamu watasema: Mkitutaka kumtunza kila mtu hata kufa kwake, hatutaanza. Majaribio yana gharama, mengi hushindwa. Hakuna kampuni itakayothubutu, na wagonjwa wa kesho ambao wangepona hawatapona. Mnawatetea 15 na kuwaua 15,000. Naogopa neno hili, kwa sababu lina kweli ndani yake. Mama mwenye mtoto wa kifafa hatanishukuru nikimfungia mlango kwa jina la haki.

Hata hivyo, wajibu ninaousema si wajibu wa kufaulu. Hakuna anayeweza kuahidi kufaulu. Ni wajibu wa kutomwacha mtu katikati ya mto. Mwenye kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama. Fedha za kutunza, au za kuondoa kwa usalama, zaweza kuwekwa kando kabla ya mgonjwa wa kwanza kupasuliwa, mahali ambapo wadai wa kampuni hawazifikii. Michoro ya chombo na siri za kukitengeneza zaweza kuwekwa katika hospitali au chuo kikuu, ili kampuni ikifa, fundi mwingine aweze kukitunza. Hayo yapandisha gharama, ndiyo, hayaizuii kazi. Na kampuni isiyoweza hata hayo, ni afadhali isianze na kichwa cha mtu.

Kuna jambo moja nitaligusa tu. Mkalimani asikia mambo ya pande mbili. Kitu kinachopima sukari yako usiku na mchana, au kusikiliza seli za ubongo wako, chapeleka habari nje, kwa mashini, na mashini kwa kampuni. Habari hizo ni siri kama zile ambazo mganga huambiwa kitandani. Mkalimani anayetangaza sokoni aliyoyasikia nyumbani hufukuzwa, hata akiwa hodari wa lugha.

Labda mtauliza: mambo haya ya Uswidi na Australia yatuhusu nini? Kila mtu aliyepita katika hospitali zetu ameona mashini iliyoletwa kwa shangwe, ikapigwa picha, na sasa imefunikwa kitambaa kwa kukosa kipuri kimoja. Walioitoa walikuwa na moyo mwema. Walitoa mashini, hawakutoa fundi, wala vipuri, wala anwani ya kuuliza. Mashini hiyo iko pembeni mwa chumba, na hasara yake ni nafasi na vumbi. Fikirini kama ingekuwa pembeni mwa moyo wa mtu. Vyombo hivi vya polima vitakuja kwetu pia, kwa maana plastiki ni rahisi kuliko dhahabu na platini, na pengine vitakuja kwetu kama zawadi, au kama majaribio, kwa sababu wagonjwa wetu ni wengi na hawana wa kuwauliza maswali.

Wakati huo mgonjwa atapewa karatasi ya kutia sahihi. Katika karatasi za namna hii huandikwa kwamba chombo kitaondolewa majaribio yakiisha. Kwa elektrodi za madini maneno hayo yana maana, hata kama ni machungu, kama tulivyoona. Kwa ule uji wa sindano yatakuwa na maana gani? Polima iliyoota katikati ya seli haivutwi kama uzi. Kuitoa ni kutoa na seli zenyewe. Basi anayeandika karatasi hiyo lazima afute mstari ule, na mahali pake aandike ni nani atakayekuja, mwaka wa kumi au wa ishirini, mgonjwa akimwita.